Kumwagilia Bustani ya Nyumbani Moshi na Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kwa wingi Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika bado haijafika, na huja tena Agosti ardhi inapokauka. Majibu yamelenga bustani ya nyumbani: matuta machache nyuma ya nyumba, miti miwili mitatu ya matunda, pengine na viroba vya sukumawiki kando ya ukuta. Mwenye ekari za nyanya ana hesabu nyingine.

Nimwagilie mara ngapi kwa siku?

Kabla ya kuhesabu siku, angalia udongo. Nusu saa baada ya kumwagilia, chukua panga ukate ardhi kando ya mche, kina cha kiganja. Utaona mstari: juu udongo mweusi uliolowa, chini udongo mkavu wa rangi iliyopauka. Kwenye bustani nyingi za mjini mstari huo uko sentimita mbili au tatu tu kutoka juu, hata kama mwenyewe anamwagilia kila jioni bila kukosa. Mizizi ya mchicha na saladi inataka maji yafike sentimita 20 hadi 30, na ya nyanya na bilinganya inakwenda chini zaidi. Tuta linapendeza kwa macho, lakini mimea ina kiu.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita moja. Katika joto la Februari, mboga zilizokwisha kufunika tuta hupoteza takriban milimita 4 hadi 6 kwa siku, na wakati wa baridi ya Juni na Julai hupungua. Tuta la mita 1 kwa mita 5 basi linadai lita 20 hadi 30 kwa siku, yaani ndoo kubwa moja au moja na nusu. Ukigawa maji hayo kidogo kidogo kila jioni, mengi yanabaki juu na jua la kesho linayachukua. Afadhali umwage ndoo mbili au tatu taratibu siku moja, kisha uliache tuta lipumzike siku moja au mbili.

Wasiohesabiwa humo ni mbegu zilizosiwa na miche iliyohamishwa juzi. Hao wana mizizi mifupi, na wanataka maji kidogo kila siku, wakati mwingine asubuhi na jioni, mpaka washike.

Mbona jirani anamwagilia kidogo kuliko mimi na mboga zake zinastawi?

Uliza kwanza udongo wake. Udongo wa majivu ya volkano ulio sehemu nyingi za kuuzunguka Mlima Meru ni mwepesi, unapitisha maji haraka. Ukienda chini ya mji wa Moshi, kuelekea Mabogini na Kahe, unakutana na udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji siku nyingi, lakini unayapokea polepole na ukikauka unapasuka nyufa. Juu Kibosho na Marangu mvua ni nyingi zaidi na kivuli cha migomba kinasaidia.

Chukua udongo uliolowa ukauminye mkononi. Ukisambaa mara tu unapoufungua mkono, ni mwepesi: mwagilia kidogo lakini mara kwa mara, na uongeze mboji kila msimu. Ukishikamana na unaweza kuuviringisha uwe mrefu kama kidole bila kukatika, ni mzito: mwagilia taratibu, kwa awamu mbili zilizoachana dakika kumi na tano hivi ili maji yapate muda wa kuzama, kisha usirudi mpaka juu pakauke. Kwenye udongo mzito, mboga nyingi hufa kwa kuzidishiwa maji kuliko kwa kukosa.

Asubuhi au jioni?

Asubuhi mapema, kama unaweza. Mmea unalikuta jua la mchana ukiwa na akiba, na majani yaliyolowa yanakauka haraka. Jioni pia inafaa wakati wa joto, hasa kwa mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili, mradi maji yaende kwenye shina na majani yaachwe makavu. Mwezi wa sita mpaka wa nane, Arusha ikiwa na baridi na umande mzito, usilowanishe majani ya nyanya na viazi jioni hata kidogo. Majani yakilala na maji usiku kucha katika baridi, bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu, inaingia, na ikishaingia inalimaliza tuta ndani ya siku chache.

Ni kweli maji ya mchana yanachoma majani?

Matone ya maji ya kawaida hayachomi majani ya mboga. Hasara ya mchana ni kwamba maji mengi yanapotea kwa jua kabla hayajazama. Kinachochoma kweli ni yale maji ya kwanza yanayotoka kwenye mpira uliolala juani. Yashike mkononi uone: ni ya moto kabisa. Yakinge kwanza kwenye ndoo, yapoe.

Na ukiona majani ya maboga yamelegea saa saba mchana, usikimbilie mpira. Subiri jioni. Yakijiinua yenyewe, mmea hauna shida ya maji. Yakiwa bado yamelala asubuhi ya pili, hapo una deni nao.

Nitumie nini: ndoo, keni, mpira au matone?

Inategemea ukubwa wa bustani na namna maji yanavyokufikia.

Kwa matuta mawili hadi manne, ndoo na keni vinatosha, na ninavipenda kwa sababu unajua umetumia lita ngapi. Keni yenye matundu madogo ndiyo ya kitalu, maana ndoo inafukua mbegu na kuangusha miche. Huna keni, toboa kwa msumari mdogo kitako cha kopo la plastiki. Linafanya kazi ileile.

Mpira ni mwepesi kwa mgongo lakini unakula maji bila wewe kujua. Pima: weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira, angalia inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja, nusu saa ya kumwagilia huku unaongea na simu ni lita 600, zaidi ya nusu ya uniti kwenye bili, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Ukishajua kasi ya bomba lako, unajua kila tuta linataka dakika ngapi, na huo ndio muda wa kusimama hapo. Usibane mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yaruke mbali. Ulaze chini kati ya mimea, fungua kidogo, maji yaingie yenyewe.

Springla siipendekezi kwa mboga za nyumbani wakati wa kiangazi. Upepo unayachukua maji, njia inalowa, magugu yananyweshwa, majani ya nyanya yanalowa. Iache kwa ukoka.

Kabla sijanunua chochote, nifanye nini maji yatoshe?

Tandaza, yaani funika udongo kwa majani makavu au nyasi. Ningekuwa na nafasi ya kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningejibu hili. Udongo ulio uchi chini ya jua la Moshi hupoteza maji usiyoyaona yakiondoka, na hakuna mpira wa matone, wa bei yoyote, unaoweza kuokoa bustani iliyoachwa wazi. Tandazo la unene wa sentimita 5 hadi 8 linazuia jua, linapunguza magugu, linazuia udongo kuruka na kupaka majani, na likioza linakuwa chakula cha udongo huohuo. Baada ya wiki moja rudi na panga lako, kata tena kando ya mche: utakuta unyevu umebaki pale palipokuwa pakavu.

Kwa kutandazia, huku kwetu hatuna uhaba. Majani ya migomba mabichi yana mwenyewe, ni ya ng'ombe, lakini yale makavu yanayoning'inia kwenye shina ndiyo ya bustani. Yakatekate ili yalale vizuri. Maganda ya mpunga yanapatikana kwenye vinu vya upande wa Mabogini na Chekereni, na maganda ya kahawa kwenye viwanda vya kukoboa. Mabua ya mahindi na maharage pia yanafaa, kama ng'ombe wameyabakiza. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Maranda ya mbao mabichi uyaache nje mvua iyapige na yaoze kwanza, au uyatumie kwenye njia, kwa kuwa yakichanganyika na udongo yanaifunga nitrojeni, chakula cha mimea, na mboga zinageuka njano.

Mambo mawili ya kuangalia. Mwagilia kwanza, ndipo utandaze. Tandazo juu ya udongo mkavu linaufungia ukavu wake na kuizuia mvua ndogo isiingie. Halafu acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina, lisioze. Masika ikija na konokono kuzidi, lipunguze.

Jambo la pili lisilo na gharama ni sura ya tuta. Tuta lililoinuka ni la masika, maji yapate pa kukimbilia. Kiangazi fanya kinyume chake: chimba jaluba, yaani kitanda kilichoshuka chini kidogo na kuzungushiwa kingo za udongo, ili kila tone libaki ndani. Watu wengi wanaacha matuta ya Aprili mpaka Februari, halafu wanashangaa maji yanavyoteremka kwenye njia.

Umwagiliaji wa matone unafaa nyumbani, au ni wa wakulima wakubwa?

Unafaa, ukiwa na mahali pa kuweka akiba ya maji na matuta kuanzia manne. Huhitaji pampu. Ndoo kubwa au pipa likiinuliwa mita moja hivi juu ya ardhi, maji yanashuka kwa uzito wake na kutoka polepole kwenye matundu yaliyoachana sentimita 30. Weka koki chini ya pipa, kisha chujio, kisha mpira mkuu, na mipira ya matone iunganishwe hapo. Kwa shinikizo dogo kama hilo, mistari iwe mifupi, mita 10 hadi 15, na ilale mahali tambarare. Kwenye mteremko ilaze kukata mteremko, vinginevyo mimea ya chini inakunywa yote.

Wengi wanaoacha matone wanaacha kwa sababu ya kuziba. Chujio lioshwe kila wiki. Mwisho wa kila mstari uwe unafunguka. Mara mbili kwa mwezi ufungue, maji yapite kwa nguvu yatoe matope. Pipa lifunikwe, mwanga usiingie, kwa sababu ukungu wa kijani unaota kwenye mwanga na ndio unaoziba matundu. Kulifunika kunazuia pia mbu.

Mpira wa matone unapendana na mazao ya mistari: nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu. Kwa mchicha uliomwagwa kwa kutawanya, au karoti zilizosongamana, jaluba na keni vinashinda.

Na chupa za plastiki? Na vyungu?

Chupa ya lita moja na nusu itoboe kifuniko kwa sindano iliyochomwa moto, tundu moja au mawili, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina la nyanya, ijaze. Ziba mdomo kwa ndani na kipande cha kitambaa ili udongo usiingie. Ikiisha kwa dakika chache, tundu ni kubwa. Ikikaa kutwa nzima, umepata.

Chungu ni bora zaidi na hudumu miaka. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kizike mpaka shingoni katikati ya tuta, kijaze maji, kifunike. Maji yanapenya kwenye kuta zake udongo wa nje unapokauka, na yanapungua kasi udongo ukilowa. Mmea wenyewe ndio unaopanga. Panda kukizunguka, umbali wa shubiri moja. Chungu cha lita 5 hadi 10 hujazwa kila baada ya siku chache, kutegemea jua.

Maji ya kuoshea vyombo na kufulia yanafaa?

Ya kusuuzia mboga, mchele na matunda ni mazuri, yamwage popote. Ya sabuni yana masharti. Yapeleke kwenye migomba, mipapai na miti mingine, udongoni, siyo juu ya majani, na siyo kwenye mboga zinazoliwa mbichi kama saladi, karoti na giligilani. Badilisha mahali, sabuni isirundikane pamoja, kwani sabuni ya unga ina sodiamu inayoharibu udongo. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, au yaliyofuliwa nepi, hayaingii bustanini. Na yasilale: tumia siku hiyohiyo, kabla hayajaanza kunuka.

Nikivuna mvua, tanki moja litanitosha kiangazi?

Hapana. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huleta bila shida, inaangusha juu yake lita 960, na ukiondoa yanayopotea kwenye gata unabaki na kama 750 hadi 800. Simtanki la lita 1,000 linajaa kwa mvua mbili, na mengi ya mvua ya pili yanamwagika. Lakini matuta manne yakinywa lita 100 kwa siku, limekwisha ndani ya siku kumi. Kwa hiyo tanki dogo ni la kukuvusha siku za mgao na la kunyweshea kitalu. Ukitaka kuvuka Januari na Februari kwa mvua ya vuli, unazungumzia maelfu ya lita, na hapo gharama ya tanki ilinganishwe na bili ya maji.

Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege kwenye bati.

Maji ya huku Arusha yana floraidi. Nimwagilie nayo?

Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana visima na chemchemi zenye floraidi kuzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Hatari yake kuu iko kwenye kunywa na kupikia, na kuchemsha hakuiondoi. Ushauri wangu kwa mwenye tanki la mvua: maji ya mvua yawe ya watu kwanza, hasa watoto ambao meno yao bado yanaota, na ya kisima yaende bustanini.

Kwa bustani yenyewe, cha kuangalia ni chumvi na magadi vinavyokuja na maji hayo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, au kingo za majani zinaungua na kuwa kahawia, chumvi inajikusanya. Ongeza mboji, tandaza, na masika fungua kingo za majaluba ili mvua isafishe udongo kwenda chini. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunazidisha tatizo, kwa sababu maji yanaondoka na kuiacha chumvi juu.

Naweza kuvuta maji ya mto au ya mfongo?

Mfongo una wenyewe. Mifereji hii ya Wachagga imeteremsha maji ya mlima hadi vihambani, mashamba ya nyumbani ya migomba, kwa vizazi vingi, na inadumu kwa sababu kila kaya ina zamu yake na siku yake ya kwenda kuzibua. Kama kiwanja chako kipya kimepitiwa na mfongo, nenda kwa wazee wanaousimamia, ujue zamu na ushiriki kazi. Kufungua maji usiku kwa siri ni kumnyima mtu wa chini ambaye huenda hana bomba.

Kwa mto, kuchota ndoo ya matumizi ya nyumbani ni jambo moja, na kufunga pampu ni jingine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kwa Moshi na Arusha kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kingo za mto dhidi ya shughuli za kudumu. Mto ukishapita katikati ya mji, kama Themi pale Arusha, umebeba uchafu wa wote. Maji hayo usiyamwage juu ya mboga za majani. Kipindupindu na minyoo vinasafiri hivyo.

Nifunge pampu kwenye bomba la mamlaka, maji yana kasi ndogo?

Usifunge. Inanyonya maji ya majirani, na kama bomba lina ufa mahali fulani, inavuta uchafu uingie. Jaza tanki usiku, kasi ikiwa nzuri, utumie asubuhi.

Nyanya zangu zinaoza kitako. Ni maji?

Mara nyingi ni maji yasiyo na mpangilio. Nyanya ikikaa kavu siku tano kisha ikapewa mafuriko, kalisi haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako kinageuka cheusi. Matunda yanayokaribia kuiva yanapasuka kwa sababu hiyohiyo. Mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu kwa kipimo kilekile, na uweke tandazo chini. Matunda yaliyokwisha kuharibika yatoe.

Mche wa parachichi unywe vipi?

Usimwage maji kwenye shina. Chora mduara chini ya ncha za matawi, tengeneza bakuli la udongo hapo, penye shina pabaki pameinuka. Mwaka wa kwanza, lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi zinatosha udongo wa kawaida. Kwenye udongo mzito punguza. Parachichi inaoza mizizi haraka ikisimamiwa na maji.

Viroba vya sukumawiki vinakauka kila siku.

Ni kawaida, vinapigwa na jua pande zote. Wakati wa kujaza kiroba weka nguzo ya kokoto katikati, kuanzia chini mpaka juu, na maji uyamwage hapo ili yafike kwa mimea ya pembeni. Mwagilia kila siku, na ukisogeze kipate kivuli cha mchana.

Desemba tunasafiri wiki nzima. Bustani itakuwaje?

Siku mbili kabla ya kuondoka, mwagilia mpaka panga likuonyeshe unyevu wa kiganja kizima, kisha ongeza tandazo. Vuna mboga zote za majani zilizokomaa, kwa sababu majani mengi yanakunywa mengi. Palilia, magugu yasigawane maji na mboga. Jaza vyungu na chupa. Miche iliyoko kwenye trei na viroba vidogo vihamishie chini ya mti. Nyumbani kwa kawaida hubaki mtu, bibi au kijana wa kulisha ng'ombe. Mwonyeshe kwa vitendo, tuta kwa tuta, ndoo ngapi na siku gani, maana ukimwambia tu "mwagilia bustani" atapita na mpira juu juu. Mwambie maji yakiwa machache aanze na kitalu, kisha nyanya. Sukumawiki kubwa inaweza kungoja.